Rangi Alizozisifu Régina

Régina wa Kasongo alikuwa haoni tangu utoto, lakini ulimi wake ulijulikana soko zima. Mchuuzi aliyethubutu kumchanganyia mihogo iliyooza alirudi nyumbani akiwa ameyasikia ya mababu zake wote. Ndiyo maana Laura, fundi wa tovuti kutoka Kindu, alipotafuta watu wenye ulemavu wa kumjaribia tovuti yake ya kuuzia mazao, kila mtu alimwelekeza kwa Régina. Huyo, walisema, hatakuficha kitu.

Walikutana kwenye ukumbi wa parokia. Kutoka Salamabila alikuja Zacharie, mchimba dhahabu wa zamani. Shimo lilimporomokea likamponda vidole, na sasa alibonyeza simu kwa kidole gumba kimoja kilichosalia, nacho hakikunjiki.

Laura alianza kwa kuwakaribisha wali na samaki, na hapo ndipo alipoharibu mambo. Régina alikula akashiba, kisha akashika simu yake, ile inayomsomea kwa sauti kila anachogusa. Sauti ikasema kwa Kifaransa: bouton, yaani kitufe. Akasogeza kidole. Bouton. Akasogeza tena. Bouton. Kitufe cha kuuza, cha kununua, cha kutokea, vyote vilikuwa bouton tu, hakuna chenye jina. Moyoni Régina alikwisha kuyapanga matusi yake vizuri, lakini yalipofika kooni yalimkuta samaki.

"Iko namna gani, mama?" Laura akauliza.

"Iko muzuri sana."

Zacharie, ambaye kila akigusa kitufe cha mpunga alijikuta kwenye mawese, alisifu zaidi. Alisema vitufe ni vidogo kwa adabu, na rangi zinapendeza. Régina hakutaka kushindwa heshima na mtu wa Salamabila, akaongeza kwamba hata yeye rangi zile zimemfurahisha.



"Mama Régina," Laura akasema polepole, "rangi gani?"

"Ile."

"Ile gani?"

"Ile muzuri."

Zacharie alianza kucheka, akajaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, ikashindikana. Laura hakucheka. Kwa sauti iliyokaribia machozi alisema kwamba amevumilia barabara yote ile kuja kutafuta makosa, na sasa atarudi na sifa tupu, watu wakwame kwenye tovuti naye asijue.

Régina akamhurumia. "Sikia. Mutu amekupa chakula, utasema kazi yake iko mubaya? Hapana. Lakini nyanya na mujukuu wanataniana, hapo matusi haina kosa. Basi tangu leo weye uko mujukuu wangu."

Régina alimpita Laura miaka michache tu, lakini Laura akaitikia, "Ndiyo, nyanya."

"Mujukuu, site yako ni nyumba ya milango mingi, na yote inaitwa mulango. Mutu anatafuta choo, anaingia kwa baba mukwe."

Basi mambo yakafunguka. Zacharie, aliyejifanya babu papo hapo, alitaka kujua vitufe vile vilipimwa kwa kidole cha panya yupi. Régina hakuliacha hata jaribio lenyewe. Nani alisema mtu anaweza kufikiri huku mwingine anampumulia shingoni? Waachwe wajaribu nyumbani kwao, kwa simu zao, bila haraka, tena waitwe kabla nyumba haijajengwa, siyo siku ya kuezeka. Laura aliandika mpaka mkono ukamuuma, na uso wake ukazidi kung'aa kwa kila tusi.

Aliporudi kabla ya mavuno, kila kitufe kilikuwa na jina lake, na kidole cha Zacharie kiliangukia mpunga kwa mguso wa kwanza. Laura akamwomba Régina wazunguke pamoja vijiji vya Kabambare, kwa mshahara, kutafuta wajaribu wengine. Régina alikubali, ila kwanza akalalamika kwamba sauti inasoma "muhogo" kwa pua, kama Mfaransa mwenye mafua. Laura akaapa hilo ni kosa la simu, si lake.

Jioni hiyo Régina aliuza gunia lake la karanga kwa mfanyabiashara wa Wamaza, kwa kidole chake mwenyewe, bila kuazima macho ya mtu. Kisha akampigia simu mnunuzi huyo wagombane juu ya bei, maana hiyo kazi tovuti ilikuwa bado haijaiweza.