Pombe ya Mukashema Haina Kosa

"Ndugu yangu alikunywa kwa shangazi yako Jumapili, Jumatatu akaanza kukohoa. Unataka ushahidi gani tena?"

Karangwa alikuwa ameshasimama, kidole karibu na pua ya Gatera. Gatera naye hakurudi nyuma. Akasema kwa sauti ya juu vilevile kwamba shangazi yake hahami Biryogo, labda wambebe na nyumba yake.

Hiyo ndiyo ilikuwa habari ya mtaa tangu mazishi, mwaka huo wa tisini na moja: Mukashema, muuza pombe ya ndizi, amemtilia sumu Munyaneza, fundi wa kuezeka. Karangwa, mdogo wa marehemu, akampa mama wa watu mpaka kesho awe amefunga mizigo. Kwa kawaida muuzaji anaonja kwanza mbele ya mteja, aonyeshe pombe haina kitu. Basi Mukashema alionja, akaonja, mpaka akalewa peke yake, na hakuna aliyeshika mrija baada yake.

Gatera alilelewa na Mukashema, na kazi akafundishwa na Munyaneza. Angekaaje kimya? Alikwenda hospitali pamoja na Spès, mjane wa Munyaneza, wakarudi na picha ya kifua aliyopigwa marehemu kabla ya kufa. Sasa akaeleza. Daktari hakuuliza marehemu alikunywa nini. Aliuliza alifanya kazi gani, ameezeka mabati gani, tangu lini. Walipojibu kwamba ni asbesto, yale mazito ya kijivu, tangu sitini na mbili, daktari akaweka kalamu chini. Akasema vumbi lake ni nyuzi ndogo ndogo, huzioni kwa macho, na ukizivuta hazitoki. Zinakaa kwenye ngozi inayofunika mapafu, zinalala miaka ishirini, thelathini, hata arobaini, halafu kansa inaamka. Maji yanajaa kifuani, mtu anakonda, pumzi inakata.

Karangwa akacheka. Kansa ni ya Wazungu, akasema, na kukonda na maji kifuani ni kazi ya sumu, hata mtoto anajua. Akauliza Gatera ameahidiwa chupa ngapi kwa uongo huo.

"Muzee, sitini na mbili shangazi alikuwa na miaka mingapi?"

Karangwa akasema yeye atajuaje umri wa muuza pombe.

"Tisa. Alikuwa kwao Byumba anachunga mbuzi. Ndugu yako alianza kufa mwaka ule, na msumeno wake mwenyewe mkononi."

Akamkumbusha jinsi Munyaneza alivyokata yale mabati makavu juu ya magoti, nyusi nyeupe kama ametoka kusaga muhogo, watu wakimtania ni babu kabla ya kuoa. Hapo Spès, aliyekuwa amejikunyata pembeni na kitambaa chake cha msiba, akafungua mdomo.

"Na wewe shemeji ndiye ulikuwa unamshikia bati. Miaka miwili, kabla hujapata cherehani."

Karangwa akakaa. Kidole kikashuka chenyewe.

"Mimi je?" akauliza polepole.

Gatera hakumdanganya. Alimwambia si kila aliyevuta vumbi anaugua, lakini aende akapimwe, na sigara aache leo, maana sigara juu ya vumbi lile inayamaliza mapafu. Yeye mwenyewe ameshapimwa, hakijaonekana kitu bado, na ameapa hataezeka asbesto tena hata abembelezwe na nani.

Karangwa akachukua picha, akaipeleka dirishani, akaitazama mpaka macho yakalowa. Weupe ulikuwa umelizunguka pafu la kaka yake upande mmoja wote.

"Unataka nifanye nini?"

"Kesho baada ya misa uje kwa shangazi, watu wote iko pale. Yeye haonji. Mrija unashika wewe wa kwanza."

Kushika mrija kabla ya mwenye pombe! Mtu anafanya hivyo kwa mama yake mzazi tu, na mtaa mzima ungeelewa bila hotuba. Karangwa akamtazama Spès, Spès akatikisa kichwa kukubali.

"Mwambie basi atoe ile kali," Karangwa akasema. "Ile ya kitoto sitaki."

Gatera akacheka mpaka mabega yakatikisika. Nje majirani waliokuja kusikiliza ugomvi walikuwa bado wameganda ukutani, wote wanasubiri kujua nani kashinda. Akawatokea kifua mbele, akawaambia wajiandae na kiu, akafunga mlango.