Chini ya Sufuria

Muuguzi aliingia bila kutarajiwa. Alipiga hodi moja tu, akamkuta mke wa fundi amepiga magoti jikoni, mkono mmoja kifuani, mwingine unakwangua sufuria. Binti yake alikuwa akiosha vyombo pembeni.

"Napita nyumba kwa nyumba kupima presha. Ndiyo chakula chako hicho, dada?"

Mke wa fundi alitabasamu kwa aibu. Katika nyumba ile mpishi hula mwisho: ashibe fundi, ashibe mama yake, washibe watoto, ndipo yeye na kilichobaki chini. Ukoko uliolowa mafuta. Mchuzi uliokauka mpaka ukabaki chumvi.

Kipimo kilimbana mkono. Muuguzi akatazama, akapima tena.

"Moyo wako umechoka, dada. Punguza chumvi na mafuta. Kula mboga, matunda. Tembea, na upate kupumzika."

"Atembee!" Mama mkwe aliangua kicheko kutoka sebuleni. "Kutwa yuko njiani na ndoo za maji, akatembee tena wapi? Na hayo matunda atayaotesha kichwani?"

Muuguzi akapunguza sauti. "Basi jambo moja tu. Pakua chako kabla hujatia chumvi na mafuta. Niahidi. Binti yako huyo bado anakuhitaji."

"Nakuahidi."

Jioni, kabla hajakamata kopo la chumvi, alijipakulia bakuli la maharage. Mama mkwe akaliona.

"We! Unajipakulia kabla ya mumeo?"

"Ni kwa ajili ya presha, mama. Hayajatiwa chumvi."

"Presha! Mimi nimekula chini ya sufuria ujana wangu wote. Nimekufa?" Alisema hivyo huku mkono wake mzima ukiuinua ule uliopooza na kuulaza mapajani.

Fundi hakupandisha hata sauti. "Anayetangulia kula nyumbani kwangu, akale nje."

Angeweza kuyarudisha maharage sufuriani. Akalibeba bakuli, akaketi barazani, na mlango ukafungwa nyuma yake. Maharage hayakuwa na ladha yoyote. Aliyatafuna yote, polepole, hadi la mwisho.

Ndani walikula, wakashiba. Kisha akamsikia mama mkwe.

"Mjukuu wangu, si wewe uliyemsaidia kupika? Haya, njoo. Chakula hakitupwi."

Kupitia dirishani alimwona binti yake akipiga magoti, akaikumbatia sufuria kwa mkono mmoja, akaanza kukwangua.