Kamba ya Filomena

"Mama, fungua hiyo kamba! Chuma kinashuka sasa hivi!" Nunzio alipiga kelele kutoka kwenye jukwaa la kituo cha treni kilichoinuliwa juu ya nguzo, mwali wa gesi wa kukatia chuma ukinguruma mkononi.

Filomena, dirishani kwake mkabala na jukwaa, aliendelea kuanika. Kamba yake ilitoka dirishani, ikavuka juu ya Barabara ya Tatu, ikaishia kwenye ukingo wa kituo. Aliyeifunga ni marehemu mumewe, mfagiaji wa kituo hicho. Wakubwa wa reli walijifanya hawaioni.

"Baba yako alikisugua kituo hiki mpaka mgongo ukapinda," alijibu. "Wewe unakikatakata kama soseji!"

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mwanawe tangu kijana aingie kazi ya kubomoa. Treni zenyewe zilikuwa zimekoma kupita zamani.

"Scalzo!" msimamizi Hanratty alimfokea Nunzio kwa jina la ukoo. Ukingo ulikuwa umekatwa upande mmoja, umening'inia kwenye mnyororo wa kreni. "Huo ukichomoka na bibi ameshikilia, anatoka na dirisha lake!"

"Mama, achia basi, nakuomba!"

Filomena akaizungusha kamba kwenye kifundo cha mkono, mara mbili, bila haraka. Sisi majirani tuliokuwa chini barabarani tulimwona.

Chuma kikalia. Nunzio aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akaukimbilia ukingo, akapeleka mwali kwenye kamba ya baba yake. Ikakatika. Mashuka yakamwagika barabarani, Filomena akaanguka kitako chumbani, na papo hapo ukingo ukachomoka, ukabembea hewani.

Jioni Nunzio alipanda ngazi na mashuka yenye matope kifuani. Alimkuta mama mezani, kifundo kimefungwa kitambaa. Sahani za maharage zilikuwa mbili. Akaketi.

"Mama, utanisamehe?"

Filomena akafungua mdomo, kisha akainua kidole. Ilikuwa saa ambayo treni ya jioni ilizoea kupita, na sisi tuliokulia kando ya reli hatukuwahi kushindana nayo: unanyamaza, nyumba inatikisika, unashika glasi yako isimwagike, inapita, unamalizia maneno. Nunzio naye akashika glasi yake ya divai.

Wakangoja. Kidole cha mama kilikuwa bado juu, na divai ilikuwa imetulia kabisa.