Mstari wa Katikati

Verna alikuwa kwenye mzunguko wa tatu wa uwanja wa barafu, juu ya mashine ya kulainishia, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye gurudumu dogo la kushushia kisu. Mashine ilikwangua barafu, ikamwaga maji ya moto nyuma yake. Kwenye benchi la wachezaji, Tanis na mzee Orest walikuwa wanakunywa kahawa na kucheka.

Walicheka nini?

Miaka tisa Verna ndiye aliyechonga kingo za uwanja huu kwa mashine ndogo ya kusukuma kwa mikono. Tanis alikuja Oktoba. Sasa Orest, msimamizi, alikuwa anawafundisha wote wawili kuendesha mashine kubwa, na mmoja wao angeendesha Jumamosi, fainali ya mpira wa magongo wa barafuni, mji mzima ukitazama. Jana Tanis alipomaliza, Orest aliinama, akapapasa barafu kwa kiganja. "Kioo," akasema. Kwa kazi ya Verna hakuwahi kuinama.

Akashusha kisu robo mzunguko, kama alivyofundishwa. Akatazama benchi. Tanis alikuwa anamwonyesha mzee kitu kwenye simu. Akashusha robo nyingine. Na nyingine tena.

"Verna, inua kisu," Orest akaita. "Inua, lakini usisimame hapo, maji yatachimba shimo."

Theluji iliyokwanguliwa, ikirukia kwenye tangi la mashine, ilikuwa ya rangi ya waridi. Alikuwa amekwangua mpaka kwenye mstari mwekundu wa katikati, uliopakwa chini ya barafu.

Alipoiegesha mashine, Orest alienda kufungua bomba. Tanis akamsogelea Verna.

"Umefika mfupani, dada."

"Nimeona."

"Mie jana sikukata hata kidogo," Tanis akanong'ona. "Niliogopa. Nilimwaga maji tu. Usimwambie mzee."

Verna alichukua mpira wa maji, akaanza kumwaga maji juu ya jeraha, tabaka jembamba, huku Tanis akimvutia mpira huo.

Orest alirudi, akatazama.

"Liache ligande. Rangi kesho."

"Na Jumamosi?" Verna akauliza.

"Ataendesha Tanis. Wewe una haraka na kisu."

Tanis alikuwa ameinama, anaukunja mpira ambao bado haukuhitaji kukunjwa. Neno lilikuwa mdomoni mwa Verna, fupi, la kweli. Akalishikilia hapo.

"Kesho nitakuja mapema," akasema mwishowe. "Nitaupiga rangi huo mstari mwenyewe."

Akazima taa za upande wa pili. Nusu ya mstari ilikuwa bado haina rangi.