Fomu ya Tawi la Marekani

Nasibu aliwahi kusaini timu mbili ndani ya wiki moja, na kosa hilo ndilo lililomvurugia maisha. Ilikuwa Dar es Salaam, mwaka tisini na mbili, enzi hizo akiwa winga wa kushoto ambaye mabeki walikuwa wakimwota usiku. Wanachama wa tawi moja la klabu kubwa walimficha gesti Magomeni siku nne, wakamlisha kuku mpaka akamchoka, akasaini fomu mbele ya mwenyekiti wao. Siku ya tano wakaja wa klabu hasimu, nao wana gari na maneno matamu, akasaini tena. Chama cha soka kikamfungia miaka miwili. Miaka miwili kwa winga si mchezo, mbio zilipungua, na alipofunguliwa hakuna tawi lililomkumbuka. Ndipo akaanza kuteremka kusini, nchi kwa nchi, mpaka Durban.

Sasa ilikuwa tisini na nane, naye ana miaka thelathini na moja. Alikuwa analinda magari ya watu kwenye maduka ya Overport, na anaishi chumba kimoja mtaa wa Point na mkewe Coletha, msusi wa saluni. Kila asubuhi kabla ya kazi alikimbia ufukweni akiwa na viatu vya mpira shingoni, maana hakutaka mtu yeyote adhani ameacha.

Aliyemletea habari za Marekani ni Ezéchiel, Mkongo mwenye duka la simu chini ya jengo lao. Baharia mmoja alisahau gazeti la mpira pale kaunta, na Ezéchiel, ambaye Kiingereza alikijua vizuri, akamsomea.

"Kule timu hapana shuka daraja, mon vieux, mzee wangu," alisema. "Hata ikimaliza ya mwisho, mwaka kesho iko palepale. Na sare hakuna. Mukitoka sare, muchezaji anapewa mupira mbali na goli, anamukimbilia kipa peke yake. Sekunde tano."

Nasibu aliomba asomewe tena. Timu isiyoshuka, yeye ambaye tangu afungiwe alikuwa anashuka tu. Na sekunde tano, mpira, kipa peke yake! Hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya vizuri hapa duniani. Moyo ukamwenda mbio, akaona aibu mbele ya Ezéchiel.

Ukurasa wa nyuma ulikuwa na picha ya mashabiki wa timu moja wakipiga ngoma, nyuso wamezipaka rangi, na chini yake anwani ya mwenyekiti wao. Ezéchiel alishauri waiandikie klabu. Nasibu akamcheka. Klabu utamwandikia nani? Katibu ataitupa barua yako kapuni. Mwandikie mwenyekiti wa tawi. Tawi likikutaka, klabu itafanya nini? Kwa Dar aliyoijua yeye, hakukosea hata chembe.

Wakaandika, wakatia picha na vipande viwili vya magazeti ya zamani. Baada ya wiki sita ikaja bahasha nene: skafu ya kijani, barua na fomu. Barua ilisema wamefurahi mno, hawajawahi kupata mtu kutoka Afrika, na akijaza fomu atakuwa wao. Fomu ilitaka jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na saini. Nasibu alinawa mikono kwanza ndipo akasaini. Baadaye wakamtumia kadi yenye namba 212.

"Jezi gani hiyo ya mia mbili?" Coletha aliuliza.

"Si ya jezi. Ni namba ya usajili."

Mambo yakakaa hivyo mpaka Agosti. Kocha wa timu moja ya daraja la pili kutoka Chatsworth alimwona Nasibu kwenye bonanza la ufukweni, akimwacha beki kijana amekaa chini mara tatu. Kocha huyu alikuwa wa wale Wazanzibari waliohamishiwa Chatsworth enzi za ubaguzi, Kiswahili chake cha kuombea maji tu, lakini moyo anao. Akampa fomu. Timu ilikuwa na nafasi moja ya mgeni, na mgeni huyo angetafutiwa pia kibali cha kazi. Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa saa kumi jioni.

Mtu mwingine angesaini hapohapo kwa kuegemea ukuta. Nasibu aliirudisha fomu ikiwa tupu.

"Nimeshasaini Marekani," alimwambia kocha siku ya Jumatano. "Siwezi kusaini mara mbili. Nilishafanya hivyo, nikafungiwa."

Kocha alimpa mkono, akasema anamheshimu kwa ukweli wake.

Coletha aliposikia, sufuria ilitua mezani kwa kishindo. "Baba Lulu," alisema, kwa jina la mtoto wao waliyemwacha kwa bibi yake Morogoro, "hao ni mashabiki."

"Ndiyo, ni mashabiki. Kwani timu ni ya nani?"

Hata Coletha alikulia kwenye mambo hayohayo ya matawi, na baba yake alikuwa mweka hazina wa tawi. Lakini hofu haikumtoka. Ijumaa saa tisa alitoka saluni na vitana kichwani, akamshika mumewe mkono mpaka kwa Ezéchiel, akasema wapigiwe hao Wamarekani sasa hivi, kule ni asubuhi.

Mwenyekiti alipokea. Ezéchiel alimweleza ni Nasibu wa Durban, na hata Coletha aliyekuwa kando akamsikia yule mtu akishangilia. Kisha Ezéchiel akauliza swali lenyewe: winga anasafiri lini? Halafu yule mtu akaanza kusema taratibu, na Ezéchiel akawa anatafsiri huku ameinamisha kichwa.

"Anasema fomu ni ya kushangilia tu. Anasema bashabiki habana sauti. Hata klabu yenyewe haina muchezaji wake, bachezaji bote ni mali ya ligi. Ligi njo inaajiri, ligi njo inagawa. Bageni bako na hesabu yao, haizidi. Bashabiki, hata ngoma banaambiwa bakapigie kona gani. Anaomba samahani sana. Analia kidogo, nafikiri."

Nasibu alinyoosha mkono, akachukua simu. Hakuwa na Kiingereza cha maana, akasema tu jina lake. Yule mtu, kwa kukosa la kumfariji, akafanya alichokijua. Akaimba. Nasibu alisikia jina lake likivutwa katika vipande vitatu, na makofi baada ya kila kipande.

"Anasema waliliimba Jumamosi uwanjani," Ezéchiel alisema baada ya kusikiliza tena. "Kwa ajili ya mwanachama wao wa mbali."

Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika ishirini. Nasibu alipanda mbio kuchukua viatu, akadaka taksi ya Chatsworth. Kila robot, kama wanavyoziita huko taa za barabarani, waliikuta nyekundu. Alifika zimebaki dakika tano, akamkuta kocha uwanjani na mikono mifukoni. Ile nafasi ya mgeni alikuwa amempa Mzambia tangu jana, na karatasi zilishapelekwa.

"Wewe ulisema umesaini," kocha alisema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Hakusema kwa ubaya. "Mimi niliamini."

Mzambia alikuwa anapasha misuli upande wa kushoto, kijana, miguu mepesi. Nasibu alimtazama mpaka saa kumi ikapita, kisha akarudi Point.

Coletha alikuwa amekaa kitandani. Aliviona viatu havina hata jani la nyasi za uwanjani, akajua. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga tangu Jumatano yakamwishia, akamwonea huruma.

"Kwenye simu," aliuliza, "yule mtu alikuwa anaimba nini?"

"Jina langu."

"Na Jumamosi, uwanja mzima uliliimba?"

Nasibu alivitundika viatu kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Hapana," akasema. "Tawi tu."