Taa Ikirudi Tutatembea

Nicanor alikuwa fundi wa mawe, na miguu yake iliijua Nairobi kuliko makanga yeyote wa matatu. Tangu ujana alitoka Laini Saba, Kibera, alfajiri akaenda kuchonga mawe popote tajiri alipojenga, akarudi kwa miguu hiyohiyo. Kwa hivyo daktari wa zahanati alipomwambia mke wake, Nereah, atembee nusu saa kila siku ili presha ishuke, Nicanor alicheka mpaka akakohoa.

"Kutembea ni dawa? Basi Kibera hakungekufa mtu."

Lakini Nereah hakuchonga mawe. Alishinda kwenye kigoda akikaanga samaki, na miguu ilimvimba kama ya mtu mwingine. Akaomba kitu kimoja tu: mumewe amsindikize jioni kando ya reli, maana peke yake aliogopa vijana wa kupora. Taa ya mlingoti iliyomulika njia hiyo ilikuwa imekufa. Mheshimiwa, mwanasiasa wa eneo lao, alikuja, akaahidi kuitengeneza, akapigwa picha chini yake, akaenda zake.

"Taa ikirudi tutatembea," Nicanor akasema.

Nereah akangoja. Miezi saba alingoja. Mshipa wa kichwa haukungoja.

Walimzika nyumbani, Ugenya. Tangu siku hiyo binti yao wa pekee, Mitchelle, hakushika simu ya babake. Nicanor naye alipopimwa, daktari akamwambia maneno yaleyale: presha, mzee, utembee. Safari hii hakucheka. Akaamua kwamba kama ni kutembea, basi atatembea kwenda Kawangware, anakoishi Mitchelle na mumewe Kinyanjui na mtoto wao Valerie.

Shida ni kwamba Kinyanjui hakuwa amepeleka mahari, na baba Mjaluo hakanyagi nyumba kama hiyo, wala hanywi hata maji yake. Kwa hivyo Nicanor alifika jasho likimtiririka, akasimama nje ya geti. Siku ya kwanza binti hakutoka. Ya pili vilevile. Ya tatu akatoka Wagaki, mwenye ploti ya nyumba walizopanga.

"Mzee, si uingie unywe chai? Ama kwetu kunanuka?"

"Hakunuki, mama. Ni mila."

"Hiyo mila yenu haiumwi na miguu?" Wagaki akacheka, lakini alipomtazama vizuri akaacha. Akageuka akaita, "Mama Valerie, toka uone babako. Atanigandia hapa kama nguzo ya stima."

Mitchelle akatoka na leso begani. Ndani baba hawezi kuingia, na getini majirani walikuwa wametega masikio. Wakatembea.

"Nimeanza kutembea," Nicanor akasema.

"Naona."

"Daktari ameniambia nusu saa kila siku."

"Hata Mama aliambiwa."

Hapo kifua cha Nicanor kikafunguka. Akamlaani mheshimiwa na picha zake. Akamlaani chifu, na wale wa kaunti wanaokula pesa ya taa ya maskini. Wao wana njia za kukimbilia zenye miti na askari, akasema, sisi tunaambiwa tutembee na njia hatuna. Wao ndio wamemuua mama yako. Mitchelle alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia.

"Baba. Jumapili mchana kulikuwa na giza?"

Nicanor akakumbuka. Kila Jumapili, wakitoka kanisani, alikaa kwa jirani yake Shivachi akicheza drafti mpaka jua lizame. Na Nereah alikuwa akija pale, amevaa raba kuukuu za Mitchelle, anasimama nyuma yake kidogo, kisha anarudi nyumbani. Yeye alidhani anakuja kuangalia mchezo. Siku moja hata aliwatania wenzake, "Bibi yangu anataka kujifunza drafti." Wakacheka. Nereah naye alicheka.

"Kulikuwa na jua," akasema, kwa sauti ambayo karibu isisikike.

Mitchelle alianza kutokwa na machozi bila kusimama, akaongeza mwendo. Nicanor akamfuata, magoti yakimwaka moto. Wakazunguka hivyo mpaka geti likaonekana tena.

"Kesho nije?"

Mitchelle akajipangusa na leso. "Njoo. Sijasema nimekusamehe. Nimesema njoo. Na huyo mheshimiwa wako umwache hukohuko Kibera."

Akaingia bila kugeuka. Mlango ukafungwa, na kilio alichokuwa amekibana njia nzima kikatoka chote. Nicanor alikisikia kupitia mabati, hatua chache tu kutoka aliposimama, na hakuweza kuingia.