Sekunde Saba za Kukata Kushoto

Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, siku ya Jumanne, Konadu alikuwa juu ya ngazi akikaza skrubu za taa mpya kwenye makutano ya Abotare, mjini Kumasi, teksi ya marehemu baba yake ilipoingia kwenye njia ya kushoto na kusimama. Ilikuwa teksi ya bluu yenye kona za njano, na kwenye kioo cha nyuma kumeandikwa "Wakati wa Mungu". Afriyie, muuza maji, alimpelekea mzee aliyeiendesha kifuko cha maji baridi bila kuitwa. Mzee akakipokea kwa mkono wa kulia, akakitoboa kwa meno, akanywa.

"Leo taa zinasuasua, Mzee Ntim," Afriyie alisema.

"Zitafika, binti. Mimi nina haraka gani?"

Konadu alimaliza skrubu ya tatu, akaanza ya nne.

Mzee Ntim alikuwa akisimama pale kila jioni kwa miaka kumi na mmoja, tangu siku aliyofariki. Giza likishika alitoweka pamoja na gari lake, na kesho yake saa ile ile alirudi. Madereva walishamzoea. Wageni waliompigia honi na kumtukana waliambiwa na wauza bidhaa, "Huyo ni marehemu, mpite kando," nao wakampita kando. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza zaidi, maana foleni ya Abotare ilikuwa na mambo mengi ya kumshughulisha mtu.

Makutano yenyewe yalijulikana kwa ubaya. Kumasi magari hukaa kulia mwa barabara, kwa hiyo anayekata kushoto sharti aukate mkondo wa wanaokuja mbele yake. Taa ya kijani ya zamani iliwaruhusu wote kwa pamoja, wewe unayekata na wao wanaokuja mbio, kisha ikakuachia wewe na Mungu wako. Watu waliiba nafasi. Wengine waliiba vizuri, wengine hawakufika nyumbani.

Mzee Ntim hakuwa mwizi wa nafasi. Siku ile balbu ya indiketa yake ilikuwa imeungua asubuhi, na ikambidi aonyeshe kwa mkono kwamba anakata kushoto. Dirisha la dereva liko kushoto, na mkono ulio karibu na dirisha ni wa kushoto. Lakini mbele yake lilikuwa linakuja gari la mzee mmoja wa heshima, aliyevaa nguo nyeusi na nyekundu za msibani, na Mzee Ntim alilelewa kwamba mkubwa haonyeshwi mkono wa kushoto hata nyumba ikiwaka moto. Basi akashika usukani kwa kushoto, akaupitisha mkono wa kulia mbele ya kifua chake mpaka nje ya dirisha, akaomba njia kwa adabu zote. Yule mzee wa heshima alipunguza mwendo na kumpa njia. Lori la magogo lililokuwa ubavuni mwa mzee yule halikupunguza.

Polisi walikuja, wakapima lami kwa kamba, wakaandika sentensi moja: Dereva wa teksi hakusubiri. Yule mzee wa heshima ndiye aliyeona kila kitu, lakini watu wake walisema mtu wa cheo kile haitwi kituoni kama mwizi wa kuku. Faili likafungwa. Mtaani walisema mambo yako wazi: mtu aliyeandikwa kwamba hakusubiri, atasubiri mpaka karatasi ichoke.

Konadu alikuwa na miaka kumi na tisa wakati huo, na sentensi ile ilimkaa kooni. Alisomea umeme, akaomba kazi kwenye idara ya taa za barabarani, na kila mwaka alipoulizwa anataka kuhamishiwa wapi, alijibu Abotare. Alitaka baba yake akate kona ile na afike nyumbani. Kisha alitaka neno lile lifutwe. Hakuwa na haja nyingine kubwa duniani.

Wakazi walikuwa wameandika barua kumi na nne wakiomba mshale wa kijani wa kukata kushoto, na zote zilipokelewa na kugongwa muhuri. Mwaka wa kumi na mmoja tajiri mmoja akafungua duka kubwa upande wa kushoto wa makutano, na wateja wake wakalalamika. Mshale ulipatikana ndani ya wiki tano.

Pamoja na mshale uliletwa waya wa kufukiwa chini ya lami, unaohisi magari yanayosubiri na kuyahesabu. Jioni ya kujaribu, Injinia Addai, mkuu wa Konadu, aliinamia mashine ndani ya kabati la chuma lililo pembeni mwa barabara.

"Magari manne," alisema. "Waya umemhesabu na baba yako."

"Si anasubiri, bosi?"

"Anasubiri, sikatai." Injinia alijikuna kidevu. "Nitaandika matatu yanayotembea na moja ambalo leseni yake imekwisha."

"Na mshale utawaka kwa muda gani?"

"Sekunde saba."

"Hizo ni gari mbili, bosi! Foleni ya jioni ina gari arobaini."

"Tatu, kama wanajua kuendesha. Barabara kubwa ni ya watu wakubwa, Konadu. Ukiwasimamisha zaidi ya hapo, simu yangu italia mpaka ya mke wangu ilie."

Taa ziliwashwa Ijumaa. Konadu alisimama kwenye kabati tangu saa kumi. Ndani kabisa, upande wa kulia, kulikuwa na kitufe cha mkono, kile ambacho askari wa barabarani hukitumia msafara unapopita. Ukikibonyeza na kukishikilia, taa inakutii; ukikiachia, inarudi kwenye hesabu yake. Saa kumi na moja na dakika arobaini teksi iliingia. Mbele yake kulikuwa na magari matano.

Mshale ukawaka. Ulikuwa wa kijani kibichi kama jani la ndizi lililooshwa na mvua, na ulielekea kushoto bila kumwomba mtu radhi. Gari la kwanza likakata. La pili likakata. Konadu alihesabu sekunde sita, akaingiza mkono wa kulia kabatini na kukibonyeza kitufe kwa kidole gumba.

Sekunde ya nane ikapita na mshale bado unawaka. Barabara kubwa yote ilikuwa imesimama: magari ya fahari, mabasi ya kwenda Accra, na mbele kabisa lori la magogo. Dereva wa lori alizima injini na kuvua kofia. Kisha wengine nao wakazima injini, mmoja baada ya mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu makutano yale yajengwe, watu walisikia ndege kwenye nyaya za umeme. Afriyie alilitua chini beseni la maji lililokuwa kichwani mwake. Konadu alihisi moyo wake ukijaa hadi ukambana pumzi. Alikuwa amefunga taa arobaini na mbili katika maisha yake na hakujua kwamba taa inaweza kuwa nzuri namna ile.

Gari la tatu, la nne, la tano. Kisha teksi ya bluu ikaondoka, taratibu, na magurudumu yake yakaukanyaga mstari mweupe ambao hayakuuvuka kwa miaka kumi na mmoja. Yalipouvuka, lami ya chini yake ilionekana mbichi, nyeusi na yenye joto, kama imemwagwa asubuhi hiyo. Harufu ya magogo mabichi ilitanda makutano yote. Mzee Ntim aliupitisha mkono wa kulia mbele ya kifua chake, akautoa dirishani na kushukuru wote waliosimama.

Alipopita karibu na kabati alimtazama binti yake. Konadu hangeweza kukiachia kitufe. Aliinua mkono uliobaki.

"Samahani kwa mkono wa kushoto, Baba!"

"Mkono ni mkono, mwanangu," Mzee Ntim alisema. "Nimechelewa kulijua hilo."

Akakata kushoto, akashika njia ya nyumbani. Mshale ulikuwa umewaka sekunde thelathini na nne.

Nyumbani, Mama Dufie alikuwa ametwanga fufu, ugali wao wa mihogo na ndizi, kama alivyotwanga kila jioni kwa miaka kumi na mmoja, na bakuli la mumewe alikuwa amelifunika kwa sahani. Alisikia mlango wa gari ukifungwa. Mzee Ntim aliingia, akavua viatu.

"Foleni," alisema.

"Nawa, mchuzi unapoa," mkewe akajibu.

Alikula akamaliza, akaomba nyongeza. Mama Dufie alikaa kwenye kigoda mkabala naye, akamtazama akitafuna, na machozi yakamtiririka bila yeye kuyapangusa, huku akimsukumia vipande vya nyama ya mbuzi upande wake. Konadu alipofika alikuta baba yake akijilamba vidole.

"Waliandika nini juu yangu?" Mzee Ntim aliuliza.

Mama Dufie aliinuka kukusanya vyombo. Konadu alisema, "Waliandika hukusubiri."

Mzee alinawa mikono. "Twende nikawaeleze," akasema.

Walikwenda kesho yake jioni, alipokuja tena. Sajenti wa zamu alimletea kiti cha mbao, akampa maji, akasikiliza tangu balbu iliyoungua mpaka lori, akitikisa kichwa mahali panapostahili. Alikuwa kijana mwenye adabu. Faili alilipata bila taabu, akalipuliza vumbi.

"Mzee, pole sana," alisema. "Nakuamini kabisa. Ila maelezo ya ajali hupokewa ndani ya siku ishirini na moja."

"Nilikuwa nimekufa, kijana wangu."

"Naelewa, mzee. Lakini fomu haina nafasi ya kuandika hilo."

"Basi mtafuteni yule mzee aliyenipa njia," Konadu alisema. "Aliona kila kitu!"

"Alifariki mwaka juzi, dada. Na hata yeye akija, siku zake nazo zimepita." Sajenti akalifunga faili na kulirudisha rafu ile ile. Aliwasindikiza hadi nje, akamfungulia mzee mlango wa teksi.

Jumatatu, Injinia Addai alimwita Konadu ofisini. Simu zilikuwa zimelia, na ya mke wake pia. Kitufe cha mkono kilitiwa kufuli na ufunguo ukapelekwa makao makuu. Mshale ukabaki na sekunde zake saba.

Jioni hiyo magari yalikuwa arobaini na matatu. Teksi ya bluu ilikuwa ya kwanza kwenye mstari, na mshale ulipowaka kila mtu alitegemea ikate. Badala yake Mzee Ntim alisogea akajibana kwenye ukingo wa katikati, akautoa dirishani mkono wa kushoto, wote hadi begani, na kuwapungia walio nyuma wapite. Nyuma yake kulikuwa na mama mwenye mtoto mgonjwa, na nyuma ya mama fundi cherehani aliyechelewa. Wakapita wawili, mshale ukazimika. Ulipowaka tena akawapungia wengine wawili.

"Mzee Ntim, na wewe nenda basi!" Afriyie alimpigia kelele. "Chakula kinakungoja huko!"

"Wao wana siku chache kuliko mimi," mzee akajibu. "Nitapita foleni ikiisha."

Hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Kuna jioni foleni inaisha mapema, naye hukata kushoto, akafika nyumbani fufu ikiwa ya moto. Jioni nyingi haiishi. Giza humkuta bado ameunyoosha mkono ule wa kushoto, na wanaopita humwinamia kichwa, wazee kwa vijana, wala hakuna anayeuona kuwa ni utovu wa adabu. Mama Dufie hulifunika bakuli. Konadu husimama kwenye kabati lenye kufuli na kuhesabu magari mawili mawili, na bado, kila mshale unapowaka, kifua chake hujaa vilevile kama Ijumaa ile.

Kituoni, faili liko kwenye rafu yake. Ndani mna sentensi moja, iliyoandikwa kwa wino wa bluu na kutiwa sahihi: Dereva wa teksi hakusubiri.